Kwa nini handibreki ya pikapu ya zamani hukubali kuvutwa lakini hukataa kuachia?

Hilux ya miaka ya 1990 imeegeshwa tangu Ijumaa, mvua imenyesha siku mbili. Jumatatu asubuhi unaachia handibreki, unatia gia ya kwanza, unaachia klachi taratibu. Gari linachuchumaa nyuma, injini inataka kuzima, tairi hazizunguki. Au linaondoka zito zito, na baada ya kilomita chache unasikia harufu kali ya lainingi (tabaka la breki linalosugua) zinazoungua. Iweje breki iliyokamata vizuri juzi ikatae kuachia leo?

Jibu ni kwamba nguvu ya kukaza na nguvu ya kurudisha hazilingani hata kidogo. Unapovuta handibreki, mkono wako unasaidiwa na wenzo, na nguvu inayofika kwenye viatu vya breki, vyuma vilivyopinda vinavyobana dramu (bakuli la chuma linalozunguka na tairi), ni kubwa mara nyingi kuliko ile uliyotumia. Unapoachia, mkono haufanyi kazi yoyote. Kinachorudisha kebo, viungo na viatu mahali pake ni springi peke yake. Kutu kidogo ndani ya kebo mkono hauisikii, lakini springi inashindwa nayo. Ndiyo sababu handibreki inaweza kukaza vizuri kabisa huku imeshaanza kufa upande wa kuachia.

Kwenye pikapu nyingi za Toyota za umri huo zenye ekseli moja ngumu nyuma, mvuto unatoka kwenye mpini, unapita kebo ya mbele, unagawanywa na kipande cha kusawazisha chini ya gari, kisha unafuata kebo mbili hadi magurudumu ya nyuma. Pale nyuma ya dramu, nje kabisa penye matope, kila kebo imefungwa kwenye chuma kidogo chenye umbo la kiwiko. Kiwiko hicho kinazunguka kwenye pini na kuvuta wenzo ulio ndani ya dramu. Pini inalindwa na kava la mpira tu. Likipasuka, maji na mchanga huingia, grisi huisha, pini hushika kutu. Kwa magari ya pwani, hasa yanayobeba samaki na barafu, chumvi huharakisha kazi hiyo.

Kabla ya kushika spana, jua kama imekwama tairi moja au zote mbili. Egesha pahali tambarare, weka kabari mbele na nyuma ya tairi za mbele, nyanyua ekseli ya nyuma na uilaze juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Gia iwe huru, handibreki iwe imeachiwa. Zungusha kila tairi kwa mkono. Zikiwa nzito zote mbili, shuku vitu vya pamoja: mpini usiorudi mpaka mwisho, kebo ya mbele, au kebo iliyokazwa kupita kiasi. Ikiwa nzito moja, tatizo liko upande huo, kuanzia kebo yake hadi ndani ya dramu.

Sasa ingia chini uishike kebo ya upande uliokwama, karibu na kiwiko. Ikiwa bado imevutika kama uzi wa gitaa ilhali mpini umeachiwa, kebo imeganda ndani ya ala yake. Ikiwa imelegea na tairi bado imeshikwa, kebo haina kosa. Kuthibitisha, chomoa kotapini na utoe pini inayofunga kebo kwenye kiwiko. Tairi ikiachia hapo hapo, badilisha kebo. Kumiminia mafuta kebo ambayo ala yake imepasuka kunasaidia kwa muda tu, kwa sababu maji yataingia tena kwenye mpasuko ule ule.

Isipoachia, sukuma kiwiko kwa mkono kuelekea boliti yake ya kizuizi. Kiwiko kizima kinakwenda na kurudi bila ubishi. Kikihitaji kugongwa ndipo kirudi, umempata mkosaji, na kwenye magari haya ndiye wa kushukiwa mapema. Kifungue chote, toa pini, isugue kwa msasa mpaka iteleze, paka grisi inayostahimili joto, weka kava jipya la mpira.

Kiwiko kikiwa kimeegemea kizuizi chake na tairi bado imeshikwa, kuna uwezekano kwamba handibreki inasingiziwa. Fungua kidogo nipeli ya kutolea hewa kwenye gurudumu hilo. Mafuta ya breki yakiruka kwa shinikizo na tairi ikaachia, tatizo ni la breki ya mguu: mara nyingi mpira wa breki, yaani bomba laini linaloshuka kwenye ekseli, umevimba ndani, mafuta yanakwenda lakini hayarudi. Mpira huo ni mmoja kwa tairi zote mbili za nyuma, kwa hiyo kwa kawaida hukwamisha zote. Funga nipeli, hakikisha hakuna hewa iliyoingia.

Tairi ikiwa bado imeshikwa, fungua dramu. Ina matundu mawili yenye uzi. Tia boliti za milimita 8 zenye uzi wa 1.25 na uzikaze kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, dramu itasukumwa nje yenyewe. Ikigoma kwa sababu ya ukingo uliochongeka ndani, toa kizibo cha mpira nyuma, tumia bisibisi moja kuinua kijiti cha ajasta (kirekebishi cha nafasi ya viatu) na nyingine kurudisha gurudumu la meno. Usipulize vumbi kwa kompresa, kwani lainingi za zamani huenda zina asbesto. Lilowanishe kisha ufute. Ndani, tafuta springi iliyokatika, lainingi iliyobanduka kwenye kiatu, au silinda ndogo iliyovuja na kuganda.

Kuna kukwama kwingine ambako hakuna kilichovunjika. Gari likilala na unyevu, uso wa dramu hushika kutu na kujigandisha kwenye lainingi. Pia dramu iliyopata moto mteremkoni hutanuka. Ukivuta handibreki kwa nguvu wakati huo, ikipoa inasinyaa na kuvibana viatu. Hapo tairi zikiwa chini, sogeza gari taratibu mbele na nyuma, au gonga uso wa dramu kwa nyundo, si ukingo wake. Usilazimishe kwa kukanyaga mafuta mengi, lainingi itabanduka na kujikunja ndani.

Jambo moja linalotuuma kuona gereji: handibreki ikilegea, fundi anakimbilia nati ya kebo. Kwenye nyingi ya pikapu hizi, kuvuta handibreki ndiko kunakoisogeza ajasta ya viatu. Kiwiko kikiganda, viatu havijirekebishi, pedali inashuka, handibreki inalegea, na kukaza kebo kunaacha viatu vikiburuta. Anza ndani: kaza ajasta hadi dramu ishike, kisha rudisha meno 8. Halafu vuta kiwiko kidogo kuondoa ulegevu, urekebishe boliti ya kizuizi ibaki nafasi ya milimita 0.4 hadi 0.8, ipime kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi). Kebo iwe ya mwisho.

Ukishashusha gari, liendeshe kilomita 10, simama bila kutumia breki sana, kisha sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Joto la kulia na la kushoto likitofautiana waziwazi, rudi chini ya upande wenye moto uanze tena na kebo. Wala usimwage maji kwenye dramu iliyopata moto, inaweza kupasuka.