Eti defenda zikizunguka sana ndo Mwanza itatulia

Ukikaa kijiweni Igoma au kule Mabatini, likianza suala la vibaka jibu huwa ni hilohilo, serikali ilete defenda za polisi zizunguke usiku kucha. Sasa hili lilishapimwa kitambo jamani. Kansas City, Marekani, mwaka 1972 mpaka 73 mitaa iligawanywa mafungu matatu, kwingine doria ya gari ikafutwa polisi wakawa wanakuja wakiitwa tu, kwingine ikaachwa kama ilivyokuwa, kwingine ikaongezwa mara mbili tatu, halafu wakahesabu. Uhalifu haukutofautiana vya maana, na wakazi wengi hata hawakushtuka kama kuna kilichobadilika!

Ila asitokee mtu akasema basi polisi hawana kazi, maana mji huohuo mwaka 1992 walichagua eneo moja lenye risasi nyingi, polisi wakaingia hasa kusaka silaha zinazobebwa kinyume cha sheria, na matukio ya bunduki pale yakashuka karibu nusu. Kinachoangaliwa ni wanakwenda wapi na wanafanya nini wakifika, kuzunguka na mafuta ya serikali hakumtishi mtu.

Halafu kuna wale wa nikiwa na bastola chumbani wanangu wako salama. Utafiti wa Kellermann, mtafiti wa Marekani, na wenzake, 1993, ulikuta nyumba zenye silaha zinahusiana na hatari ya mtu kuuawa humohumo ndani karibu mara 2.7, na ongezeko hilo kwa sehemu kubwa lilitokana na ndugu na watu wa karibu, sio jambazi wa dirishani. Wapo waliobisha kwamba labda mwenye hofu ndo hununua silaha, na kweli ule utafiti peke yake haumalizi ubishi, ila uncle anayeringia bastola yake bar hilo hata hajawahi kulifikiria.

Ya mwisho hii inaniudhi kabisa, takwimu za kituoni zikipanda eti uhalifu umepanda. Mvuvi ameporwa injini ziwani usiku, akaona akienda kituoni atapoteza siku tu, hakuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi, basi kwenye makaratasi hajaibiwa. Siku watu wakianza kuwaamini polisi wa pale kwao namba zitapanda, na hiyo ni habari njema. Ndo maana Cardiff, Wales, waliamua kuhesabu majeruhi wanaofika hospitali, wakakuta wengi waliopigwa polisi hawana hata habari zao.