Je, Wajua Jinsi Chapati Ilivyopata Uraia wa Uganda?

Asubuhi na mapema huko Wandegeya, mtaa ulio jirani na Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala, muuza chapati huwasha jiko la mkaa, hupasulia mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, hukatia humo kitunguu, kabichi na nyanya, kisha hukoroga na kumimina kwenye kikaango bapa. Yai linapoanza kushika, huwekewa chapati juu yake, hugeuzwa, na vyote viwili hukunjwa pamoja kama mkeka. Hiyo ndiyo rolex, ambayo haina undugu na saa ya Uswisi isipokuwa utani wa masikio: ni maneno ya Kiingereza "rolled eggs", yenye maana ya mayai yaliyokunjwa, ambayo yamesagika kwa kutamkwa haraka. Ukimwuliza Mganda ni mlo gani wa mitaani unaoitambulisha nchi yake, ataanza na huo. Hata hivyo, chapati ilitoka India, na ngano yenyewe hulimwa kwa uchache nchini, hasa kwenye miinuko ya Kapchorwa, huku sehemu kubwa ikiagizwa kutoka nje. Imekuwaje basi chakula cha wageni kikaitwa cha wenyeji?

Jibu lililozoeleka ni reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India ili wajenge njia ya kutoka Mombasa hadi ukingo wa ziwa huko Kisumu. Reli hiyo iliitwa ya Uganda, ingawa treni haikufika Kampala hadi mwaka 1931. Kwa maoni yangu, reli imepewa sifa kupita kiasi katika habari hii, kwa sababu wengi wa vibarua hao walirudi makwao mikataba yao ilipokwisha. Walioifikia mioyo ya vijiji ni Wahindi wenye maduka, ambao Allidina Visram ndiye aliyevuma zaidi miongoni mwao kwa mlolongo wa maduka aliyoyafungua kufuata njia za biashara. Duka lilileta unga mweupe, sukari, majani ya chai na mafuta ya kupikia mahali ambapo vitu hivyo havikuwako, na mpishi aliyeajiriwa katika nyumba ya Mhindi alirudi kwake jioni akiwa na ujuzi wa kusukuma donge la unga.

Lakini kufika si kukaa. Mlo wa mgeni hukaa pale unapopata kazi ambayo mlo wa wenyeji hauifanyi. Katika Buganda neno emmere, yaani chakula, humaanisha matooke, yaani ndizi za kupika, kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na matooke yanayostahili jina hilo humenywa, hufungwa katika majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke polepole hadi yalainike na kupondwa. Huo ni upishi wa nyumba yenye mama, kuni na muda. Mwanafunzi anayelala chumba cha kupanga na dereva wa bodaboda anayengojea abiria hawana hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na chapati haikuwaomba waache matooke; iliingia katika saa ambazo matooke hayangeweza kuzifikia.

Kwa kufanya kazi hiyo, ilibadilika umbo. Chapati ya kila siku katika nyumba nyingi za kaskazini mwa India hutengenezwa kwa unga wa ngano isiyokobolewa, huokwa bila mafuta, ni nyembamba, na hutumika kuchotea mchuzi. Ya Kampala ni ya unga mweupe, nene, yenye mafuta ndani na nje, na ina sababu ya kuwa hivyo: lazima ishibishe peke yake, na lazima ibaki laini kibandani kwa saa kadhaa ikisubiri mnunuzi. Mwenye fedha kidogo huikatakata na kuimwagia maharagwe, na mlo huo huitwa kikomando, kutokana na neno komando, kana kwamba anayeishi kwa huo ni askari wa vita vya maisha. Nadhani hakuna mhakiki wa vyakula ambaye angebuni jina zuri zaidi.

Msomaji wa Kiswahili kutoka Dodoma au Mombasa atashangazwa zaidi na neno lililo lake mwenyewe. Akiwa Uganda ataletewa ugali wa mahindi na kuambiwa kuwa ni posho. Kwa Kiswahili cha pwani, posho ni chakula au fedha apewayo msafiri au mfanyakazi kwa mahitaji yake. Wapagazi wa misafara walipewa posho, kisha vibarua wa mashamba na askari. Unga wa mahindi, ambao ni rahisi kupima na kuhifadhi, ukawa ndio posho yenyewe, na jina la malipo likageuka kuwa jina la mlo. Hadi leo posho na maharagwe ndicho chakula cha shule za bweni, magereza na kambi za jeshi, na baadhi ya watu wazima hukidharau kwa sababu hiyohiyo.

Anayetafuta chakula kisicho na damu ya kigeni atahangaika. Luwombo, mlo wa heshima wa Buganda unaosimuliwa kuwa ulibuniwa na mpishi wa Kabaka Mwanga mwaka 1887, hupikwa ndani ya jani la mgomba, mara nyingi kwa mchuzi wa karanga. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, na mgomba ulifika Afrika kale sana kutoka kusini mashariki mwa Asia, kisha wakulima wa Maziwa Makuu wakauzalisha aina nyingi ambazo sasa ni zao hasa. Hata kachumbari inayoandamana na nyama choma ina jina lililotoka India na kupitia pwani. Rais Museveni alipowashauri wananchi, Mei 2022, wale muhogo ikiwa mkate umekuwa ghali, aliwaelekeza kwa mhamiaji mwingine: muhogo uliletwa kutoka Amerika na mabaharia Wareno.

Si kila mgeni hupata kazi. Kisra, mkate mwembamba wa Wanubi ambao wazee wao waliletwa na Lugard, ofisa wa Kiingereza, kama askari mwaka 1891, umebaki zaidi majumbani kwao, Bombo na kwingineko. Injera, mkate wa Wahabeshi walioko Kabalagala jijini Kampala, huliwa hotelini na watu wa kila kabila, lakini unga wake wa teff, nafaka ndogo ya Uhabeshi, huchachushwa kwa siku kadhaa, na muuza chapati wa Wandegeya hana siku kadhaa.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Wapishi wa awali wa chapati waliondoka, nayo ikabaki mikononi mwa wengine. Wapatao 28,000 walikwenda Uingereza, maelfu yao wakaishia Leicester licha ya baraza la mji huo kuchapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Katika migahawa ya Kigujarati ya Uingereza leo kuna sahani iitwayo mogo, vipande vilivyokaangwa na kupakwa pilipili. Mtoto aliyezaliwa Leicester huagiza sahani hiyo akidhani ni ya Kihindi, naye anatamka muhogo, ukiwa umekatwa silabi moja njiani.