Adhabu haipimwi kwa hasira: fikra za klasiki ndani ya sheria zetu za jinai

Kila Wiki ya Sheria inapofika Tanzania, kwenye mabanda ya elimu hurudi malalamiko yale yale: mwizi kakamatwa asubuhi, jioni yuko mtaani, kesi haiishi, adhabu ni ndogo. Safari hii yamezidi, na wapo wanaosema bila kificho kwamba ndiyo maana wanaona bora "wamalizane naye" palepale. Uchungu wa mtu aliyeibiwa tunaujua. Lakini dai kwamba taratibu za dhamana, mashtaka na hukumu zilitungwa ili kumbeba mhalifu si la kweli, na tumelijibu mara nyingi mno. Leo tueleze zilikotoka.

Sehemu kubwa ilitoka Italia. Mwaka 1764 kijana wa Milan mwenye miaka 26, Cesare Beccaria, alichapisha mjini Livorno kitabu chembamba kuhusu makosa na adhabu. Hakuweka jina lake, kwa kuogopa yatakayompata. Rafiki yake Alessandro Verri alikuwa na kazi ya kuwatetea wafungwa wa Milan, kwa hiyo habari za magerezani zilimfikia moja kwa moja. Katika nchi nyingi za Ulaya ya wakati huo mtuhumiwa aliteswa mpaka akiri, na bwana mkubwa hakuadhibiwa sawa na mchukuzi. Miaka miwili kabla ya kitabu hicho, mjini Toulouse, Ufaransa, mfanyabiashara Jean Calas alivunjwa viungo juu ya gurudumu kwa tuhuma ya kumuua mwanawe. Mwaka 1765 ilitangazwa kuwa hakuwa na hatia. Alikuwa ameshakufa.

Hoja za Beccaria ni rahisi kufuata. Kosa liandikwe katika sheria kabla mtu hajaadhibiwa kwa kulitenda. Adhabu ilingane na madhara ya kosa, kwa sababu ukimnyonga aliyeua ndege wa bwana shamba kama unavyomnyonga aliyeua mtu, umewafundisha watu kwamba makosa hayo mawili ni sawa. Kuhusu mateso alisema jambo ambalo wengi bado hawataki kulisikia: mhalifu mwenye mwili wa chuma atavumilia na kuachiwa, na mnyonge asiye na kosa atakiri ili maumivu yaishe. Na kinachomzuia mtu kutenda uovu ni uhakika wa kukamatwa na kuhukumiwa mapema, kuliko ukali wa adhabu ambayo huenda isimfikie.

Ndiyo maana wataalamu wa kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, wanamweka katika mkondo wa klasiki, yaani wa kufuata kanuni na kipimo. Karne za 17 na 18 Ulaya ilitafuta kipimo na mpangilio kwa kuwatazama Wagiriki na Warumi wa kale. Waandishi wa tamthilia kama Racine walijibana katika tukio moja, mahali pamoja na siku moja. Wajenzi walirudia nguzo na ulinganifu wa mahekalu, na mtindo huo ukaja kuwa sura ya majengo ya mahakama katika nchi nyingi. Nia ilikuwa moja: kanuni ijulikane na wote, tena itangulie matakwa ya mtu mmoja.

Mchoro mmoja unalionyesha hili vizuri. Mwaka 1789 Jacques-Louis David alionyesha Paris picha ya Brutus, kiongozi wa Roma aliyeidhinisha wanawe wauawe kwa sababu walikula njama ya kuirudisha serikali ya kifalme. Baba ameketi kivulini upande wa kushoto, chini ya sanamu ya Roma, amezipa mgongo maiti za wanawe zinazoingizwa ndani. Upande wa kulia, kwenye mwanga, wanawake wa nyumba hiyo wanalia. Katikati, juu ya meza, kuna kikapu cha kushonea ambacho hakuna anayekishughulikia. David hakuficha gharama ya sheria isiyobagua, aliichora katika sebule ya mtoa hukumu mwenyewe. Mwananchi anayetaka sheria kali kwa mtoto wa jirani na huruma kwa wa kwake aitazame picha hiyo kwa makini.

Wanaodhani ukali peke yake unatosha waisome historia ya Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19 makosa yaliyostahili kunyongwa huko yalizidi 200. Kuiba ndani ya nyumba mali ya shilingi 40 kulitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Matokeo yake, wazee wa baraza, yaani raia walioamua kama mshtakiwa ana hatia, waliapishwa, wakasikiliza ushahidi, kisha wakatamka kwamba mali iliyoibwa ilikuwa na thamani ya shilingi 39. Walifanya hivyo mara kwa mara, ili wasiue mtu kwa sababu ya nguo au vijiko. Adhabu ilikuwa ya kutisha kiasi kwamba haikutolewa, na wezi walilijua hilo. Kuanzia miaka ya 1820 orodha ile ilipunguzwa, na mwaka 1829 London ikaanzishiwa jeshi la polisi.

Fikra hizo zilitufikia kwa njia ya ukoloni. Mwanafalsafa Jeremy Bentham aliziendeleza Uingereza, Mwingereza mwenzake Thomas Macaulay akazitumia alipoandika rasimu ya sheria ya adhabu ya India, iliyopitishwa mwaka 1860. Sheria hiyo ya India ikatumika Zanzibar, Kenya na Tanganyika, hadi mwaka 1930 Kenya na Tanganyika zilipopata kanuni zao za adhabu. Ya Tanzania Bara leo ni Sura ya 16.

Soma Ibara ya 13(6) ya Katiba. Mshtakiwa asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Mtu asiadhibiwe kwa tendo ambalo alipolitenda halikuwa kosa, wala asipewe adhabu kubwa kuliko iliyokuwepo wakati huo. Ni marufuku kumtesa mtu.

Sasa utaratibu. Muda wa msingi wa polisi kumhoji mtu aliyekamatwa ni saa nne, na unaweza kuongezwa kwa saa zisizozidi nane. Dhamana ni bure, na haimaanishi kesi imekwisha. Kwa kawaida mtuhumiwa huhitaji wadhamini wenye vitambulisho na barua kutoka serikali ya mtaa au kijiji, wanaosaini bondi, yaani hati ya ahadi, kwamba atafika siku aliyopangiwa. Akitoroka, wao ndio watakaoulizwa. Yapo makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Anayesema sheria zetu ni laini angeanza na hapo. Mtoto wa chini ya miaka kumi hawajibiki kijinai, na afya ya akili ya mshtakiwa huangaliwa. Marekebisho haya ya fikra za klasiki yalikuja baadaye, baada ya kuonekana kwamba si kila mtu hupima faida na hasara kabla ya kutenda.

Wanaompiga mwizi hadi kufa hushtakiwa kwa mauaji. Sheria inatambua nia ya pamoja, kwa hiyo "mimi nilileta tairi tu" si utetezi. Ikithibitika waliua kwa kukusudia, adhabu iliyoandikwa ni kunyongwa hadi kufa. Ikiwa ni kuua bila kukusudia, inaweza kufika kifungo cha maisha. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, iliamua kwamba ulazima wa adhabu ya kifo unamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kila kesi. Suala hilo lina mamlaka zake, na hatutalisemea hapa.

Ukimkamata mtu akiiba, mkabidhi kwa mtendaji wa mtaa au polisi mara moja, toa maelezo yako na uchukue namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako kituo cha polisi. Ukiitwa mahakamani kutoa ushahidi, nenda. Kesi nyingi ambazo wananchi hudai "zimepotea" zilikosa mashahidi, na mashahidi hao ndio wale waliokuwa wakipiga kelele za mwizi. Shahidi aliyepokea hati ya wito akakaidi bila sababu ya msingi anaweza kutolewa hati ya kukamatwa.