Hesabu ya lori la haidrojeni huanza kabla injini haijawashwa

Mara nyingi naletewa jedwali la hewa ukaa itokanayo na kusafirisha haidrojeni, na karibu kila mara hesabu inaanzia pale dereva anapoondoka. Hapo mtu ameshachelewa. Nishati nyingi huenda imeshaliwa kiwandani, trela likiwa bado limesimama.

Chukua safari ya Leuna, mji wa viwanda vya kemikali mashariki mwa Ujerumani, hadi Berlin. Ni kama kilomita 190 kwenda na nyingine 190 kurudi, maana trela la haidrojeni halina mzigo wa kurudi nao. Tena linarudi na uzito karibu uleule: lori lenye mitungi ya chuma ya baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) hukaribia tani 40, lakini haidrojeni inayoshushwa ni kama kilo 300 tu. Inayobaki mitungini haina tena shinikizo la kutosha kutoka. Nikikadiria lita 33 kwa kilomita 100, safari nzima inakula lita 125 za dizeli, na kila lita ikiungua hutoa kilo 2.68 za hewa ukaa. Gawanya kwa hizo kilo 300, unapata kilo 1.1 kwa kila kilo ya haidrojeni. Kwa upande wa nishati, ni kilowati-saa 4 na ushei za dizeli kupeleka kilo yenye kilowati-saa 33.

Mitungi myepesi ya nyuzi za kaboni, baa 500, hushusha takriban tani moja. Hewa ukaa ya dizeli inapungua hadi kilo 0.34 kwa kila kilo ya haidrojeni. Trela la haidrojeni ya kimiminika hushusha tani tatu na nusu, na hewa ukaa ya dizeli yake haifiki kilo 0.1. Wengi hufunga hesabu hapo na kuchagua kimiminika.

Lakini haidrojeni haiwi kimiminika mpaka ipoozwe hadi nyuzi joto 253 chini ya sifuri, kazi inayomeza kilowati-saa 10 hadi 13 kwa kilo. Nikichukua 11, na gridi ya umeme inayotoa gramu 400 za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, tayari nina kilo 4.4 kabla tairi halijazunguka. Kuigandamiza hadi baa 500 nakadiria kilowati-saa 2.5, yaani kilo 1. Jumla, pamoja na dizeli, ni 4.5 kwa kimiminika dhidi ya 1.3 kwa gesi ya baa 500. Umoja wa Ulaya unataka haidrojeni inayohesabiwa kuwa ya nishati jadidifu isizidi kilo 3.38 za hewa ukaa kwa kila kilo, usafirishaji ukiwemo. Kimiminika kimeshapita mpaka huo hata kabla sijahesabu jinsi gesi yenyewe ilivyotengenezwa.

Weka umeme wa upepo, na mpangilio wote unageuka. Ndiyo maana nawasihi wahandisi wa Kenya, ambako gridi hutegemea zaidi jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo, wasiazime jibu la Ujerumani. Waingize gridi yao wenyewe. Hata hivyo zile kilowati-saa 11 hazifutiki: ni theluthi ya nishati iliyomo kwenye mzigo, na umeme huo ungeweza kufanya kazi nyingine.

Kuna mstari mmoja ambao karibu sijawahi kuukuta kwenye majedwali hayo, nao ni uvujaji. Haidrojeni ikitoroka hurefusha maisha ya methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto, angani. Utafiti wa 2023 ulikadiria kwamba kilo moja ina athari ya kilo 11.6 za hewa ukaa kwa miaka 100. Ikivuja asilimia 1 tu wakati wa kujaza na kushusha, ni kilo 0.12, zaidi ya dizeli yote ya lori la kimiminika. Kwenye modeli yangu mstari huo unakaa juu ya ule wa dizeli.