Mpango wa mawasiliano ya dharura uanze na malengo yanayopimika

Ukiziomba taasisi nyingi za hapa Mwanza mpango wao wa mawasiliano ya dharura, utaletewa kabrasha zuri. Lina namba za simu, mfano wa taarifa kwa vyombo vya habari na jina la msemaji. Fungua ukurasa wa malengo, na mara nyingi utakuta sentensi moja: "Kulinda taswira ya taasisi na kuhakikisha mawasiliano yenye ufanisi." Siku ya janga sentensi hiyo haimsaidii mtu. Haisemi nani aambiwe nini na kabla ya saa ngapi, na janga likishapita huwezi kuitumia kujua kama mlifanikiwa au mlishindwa.

Lengo lianzie kwa mtu anayesubiri habari. Tukumbuke Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kikitokea Bugolora. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio. Uwezo wa kivuko ulikuwa abiria wapatao 100, lakini waliofariki walizidi 220. Ndugu waliokusanyika ufukweni walitaka kujua jambo moja: mtu wetu alipanda, au hakupanda? Jibu la swali hilo halitoki kwa msemaji, linatoka kwenye orodha ya abiria. Orodha isipokuwepo au isipoaminika, msemaji hata awe hodari namna gani hana la kuwaambia. Kwa hiyo kwa taasisi yoyote inayosafirisha watu ziwani, naliweka hili la kwanza, ingawa halionekani kama la mawasiliano: kila chombo kinapong'oa nanga, ofisi ya nchi kavu iwe na majina ya wote waliomo na namba ya simu ya ndugu wa kila mmoja.

Baada ya hapo ndipo tuingie kwenye muda. Andikeni, kwa mfano, kwamba taarifa ya kwanza itatoka ndani ya dakika 30 tangu tukio lithibitishwe, hata ikiwa na mistari mitatu tu: kilichotokea, kinachofanyika sasa, na saa ya taarifa inayofuata. Dakika 30 ni pendekezo langu. Ninyi mnaweza kuweka 45, ili mradi iwe namba mliyoijaribu. Andikeni pia kwamba hakuna jina la marehemu litakalotajwa redioni kabla familia yake haijaambiwa ana kwa ana au kwa simu. Hilo halina mjadala.

Kuhusu takwimu, ajali ya ndege ya Precision Air pale Bukoba, Novemba 6, 2022, inatufundisha. Ndege ilikuwa na watu 43. Mapema siku ile ilitangazwa kwamba waliookolewa ni 26. Hesabu ya mwisho ikawa 24 walionusurika na 19 waliofariki. Kwa msomaji wa mbali tofauti hiyo ni ndogo. Kwa familia iliyokuwa ikihesabu pamoja na mtangazaji, ni matumaini yaliyotolewa kisha yakaondolewa. Lengo hapa liwe hivi: idadi yoyote itolewe na mtu mmoja, itajwe na saa iliyohesabiwa, na ikibadilika tuseme wazi kwamba imebadilika na kwa nini.

Janga la ugonjwa linadai lengo la aina nyingine, kwa sababu hapo tunataka watu watende jambo. Marburg ilipotangazwa Kagera Machi 21, 2023, haikutosha wananchi kusikia kwamba ugonjwa upo. Walihitaji kujua kwamba hawapaswi kugusa wala kuosha maiti wenyewe, wamuwahishe mgonjwa kituo cha afya, na wapige 199 bila malipo. Lengo la namna hiyo mnalipima mtaani: nendeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba au mwalo wowote wanakotia nanga wavuvi, waulizeni watu kumi wafanye nini mtu akianza homa na kutoka damu. Majibu yao ndiyo matokeo yenu, si idadi ya mabango mliyobandika.

Njia za kufikisha ujumbe zifuate lengo. Kwa mvuvi aliye kambini kisiwani, ambako mtandao unakatika, redio, viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) na mwenyekiti wa kitongoji watafika kabla ya ukurasa wenu wa Instagram.

Na taswira je? Naijua hofu ya wakurugenzi, na haifai kupuuzwa. Lakini taswira inatokana na jinsi mlivyowatendea watu siku ile. Mkiifanya lengo, afisa atachelewesha taarifa akitafuta maneno yasiyoudhi, huku uvumi ukizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kikwazo ninachokiona zaidi ni saini. Taarifa ya mistari mitatu inapita kwa wakuu watano, mmoja yuko safarini Dodoma na simu yake imezimwa. Amueni leo kwamba taarifa ya kwanza inahitaji idhini ya mtu mmoja, mtajeni kwa cheo, mtajeni na wa kumkaimu, kisha fanyeni zoezi Jumapili usiku bila kuwaambia watumishi mapema, saa ikiwa mkononi.