Bastola tini ya mto

Mwezi uliopita nilivuka kwenda Amu, yaani Lamu, kumwona mteja mmoja wa mtaa wa kale wa Mkomani. Mzee wa biashara, leseni yake safi, na bastola yake safi kuliko za askari wengi niliowahi kuwagawia silaha. Kabla hata sijaonja kahawa nilimuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: "Mzee wangu, usiku inalala wapi?"

"Huiweka tini ya mto, fundi. Mtana huiweka pale." Tini ni chini kwa Kiamu, na mtana ni mchana. Akaonyesha kwa kidevu zidaka za ndani, ule ukuta mzima wa vishubaka vya chokaa, sahani za kale na mabirika. Pale palikuwa kidaka cha juu kabisa, nyuma ya bakuli la kijani. Nikapanda kigoda. Mbele ya bakuli palikuwa na vumbi la chokaa, lile linalodondoka kila siku katika nyumba za mawe, na juu ya vumbi palikuwa na alama za vidole vinne. Vidogo. Nikashuka, nikamwomba apande aone mwenyewe. Alipanda, akakaa kimya kuliko mtu anayetazama vumbi tu, kisha akashuka na kuanza kuwaita wajukuu mmoja mmoja kwa majina.

Kwa wasionijua: nilikuwa fundi na mtunza ghala la silaha polisini, sasa nimestaafu, naishi Malindi, na nafundisha watu wenye leseni. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu shabaha. Ni hili: niiweke karibu kiasi gani?

Sheria kwanza, kwa ufupi. Kenya bastola si haki yako, ni ruhusa uliyopewa. Marekani Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2008 kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuweka bastola yake nyumbani ikiwa imefunguliwa vipande vipande au imefungwa kufuli kiasi cha kutofaa kujitetea. Watu husoma habari hizo mtandaoni, wakadhani zinatuhusu. Hazituhusu. Sheria yetu ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye leseni aihifadhi silaha mahali salama wakati wote, achukue tahadhari isipotee wala isiibwe, na isifikiwe na mtu asiye na ruhusa. Mkeo hana ruhusa. Mwanao wa chuo hana ruhusa. Desemba 2018 serikali iliwapa raia wote wenye silaha siku 90 wakaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha, na wapo waliofika hapo bila jibu walipoulizwa nyumbani inakaa wapi. "Kabatini" si jibu.

Sasa tuje kwenye huo ukaribu. Watu wengi huupima kwa mkono: nikinyoosha mkono nilipolala, naipata? Kipimo hicho nilikitumia hata mimi, na kilikaribia kuniharibia maisha.

Ilikuwa Malindi, zamani kidogo, nikiwa bado kazini. Bastola ilikaa kwenye droo ya kitanda, risasi ikiwa chemba, tayari kufyatuliwa, kwa sababu nilijiona mtaalamu na mtaalamu hahitaji kufuata masharti ya wanagenzi. Shemeji yangu alikuwa mvuvi, akilala kwetu msimu wa kaskazi. Usiku huo alirudi kama saa kumi alfajiri, akakuta mlango umekomewa, na kwa kuwa hakutaka kuamsha nyumba akaruka ukuta wa uani. Nilisikia kishindo. Kitu ninachokikumbuka baada ya hapo ni mimi kusimama kwenye ukumbi, mikono miwili mbele, kidole kiko mahali ambapo nilikuwa nikiwakemea makuruti wasikiweke. Sikumbuki kufungua droo. Sikumbuki kuinuka. Nilimtambua kwa harufu, harufu ya papa mbichi, kabla sijaiona sura yake. Yeye alidhani nimeshika tochi. Akanisalimia.

Hapo ndipo nilipojua kwamba mkono huamka kabla ya akili. Mtu aliyeshtuka usingizini anaweza kufanya kazi nzima aliyoizoea, hatua kwa hatua, akili ikiwa bado imelala, na kadiri ulivyofunzwa vizuri ndivyo mkono wako unavyokutangulia. Kwa hiyo siku hizi nawaambia watu: bastola iwe karibu na mtu aliye macho, na iwe mbali na mtu aliyelala, hata kama ni mtu yuleyule. Kasha la chuma lenye kufuli ya kubonyeza tarakimu nne au tano hufanya kazi hiyo. Mtu asiyeweza kukumbuka namba zake mwenyewe gizani hajaamka, na hana biashara na kilichomo ndani.

Wateja hulalamika: sekunde zile! Mwizi atakuwa amenifikia! Ni kweli, tena ni kweli kuliko wanavyofikiri. Mwaka 1983 askari mkufunzi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu huvuka kama mita 6.4 kwa sekunde moja na nusu, muda uleule ambao askari aliyejizoeza huchukua kuchomoa na kufyatua. Sasa itazame nyumba ya Amu. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko inayobeba dari, na boriti hiyo haikupi zaidi ya mita tatu hivi. Adui akiwa chumbani tayari, bastola ya tini ya mto imeshachelewa kama ya ndani ya kasha. Sekunde unazozitafuta hazipo kitandani. Ziko mlangoni.

Wazee waliojenga Mkomani walilijua hilo. Mgeni huishia dakani, kwenye baraza ya mlangoni. Mlango una mbao mbili nzito, mfaa, ule mti wa katikati, tumbuu, yaani pete ya chuma, na mnyororo, na ndani pingo, mti wa kukomea wa kupitisha ukutani. Akivuka hapo, bado kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, kuna misana, vile vyumba virefu vya mbele, ndipo afike ndani. Kila kizingiti ni kelele na ni muda. Halafu sisi watoto wao tunang'oa mlango wa mbambakofi, tunauza, tunaweka mlango wa mbao laini wenye kitasa cha kichina, kisha tunatafuta leseni ya bastola. Malindi ni vilevile: geti la maelfu ya shilingi mbele, na nyuma jikoni mlango ambao teke moja linatosha. Mlango ukikupa nusu dakika, utaamka, utawasha taa, utahesabu watu wako, utapiga simu, na kasha utalifungua bila papara.

Mtoto nimeshamtaja, lakini nirudi kwake, kwa sababu kila mara naambiwa "hana nguvu ya kufyatua". Mtoto hafyatui kama wewe. Huigeuza bastola ikamtazama, vidole vinne vikiukumbatia mpini kwa nyuma, vidole gumba vyote viwili juu ya kifyatulio, akasukuma. Bastola ya Glock huhitaji kama kilo mbili na nusu kwenye kifyatulio, zaidi kidogo ya pakiti ya unga wa kilo mbili. Wala haina kitufe cha usalama cha kushusha kwa kidole gumba; usalama wake uko ndani na hujiondoa wenyewe kifyatulio kikivutwa sawasawa. Ceska za CZ 75 wanazozijua askari wengi ni nzito kwa mvuto wa kwanza, lakini ikiwa imekokiwa tayari, ni nyepesi mno. Na usinambie umemfundisha asiiguse. Hata mie mama alinifundisha nisiguse halua ya wageni.

Kuhusu madhara, takwimu nzuri nilizozisoma ni za Marekani, na huko bunduki za nyumbani ni nyingi kuliko kwetu kwa mbali, kwa hiyo nazitumia kwa uangalifu. Arthur Kellermann na wenzake walifuatilia majeraha ya risasi katika miji mitatu, wakachapisha mwaka 1998. Kila mara moja ambapo bunduki ya nyumbani ilitumika kujitetea kihalali, zilikuwepo ajali nne, mashambulizi ya jinai saba, na majaribio 11 ya mtu kujiua, baadhi yakiishia mautini. Hesabu hiyo ina wapinzani wake, na wana hoja: mwizi anayekimbia kwa kuiona bastola tu haingii kwenye daftari la hospitali. Lakini lile 11 huwa silipuuzi. Kama kuna mtu nyumbani aliyefiwa na hatulii, aliyefilisika, anayeshinda kimya chumbani, silaha itoke nyumbani humo. Iombewe hifadhi kituo cha polisi, kwa maandishi, na ikae huko mpaka hali irudi. Nimewahi kuibeba ya rafiki mwenyewe hadi kituoni, naye akiwa pembeni yangu. Hakunishukuru siku ile. Alinishukuru baadaye.

Kisha kuna ukuta. Risasi ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 350 kwa sekunde, na haijui chumba chako kinaishia wapi. Ukuta wa mawe ya matumbawe wa kale, unene wa nusu mita, utaizuia, ingawa vipande vya jiwe vitakurudia usoni. Kizigeu cha plaiwudi, mabati, udongo na fito, makuti: hupita. Nyumba nyingi za Malindi mchanganyiko wake ni tofali mbele na plaiwudi katikati, na nyuma ya plaiwudi wamelala watoto. Kabla ya kupanga kasha likae wapi, simama pale utakaposimama usiku, nyoosha kidole kuelekea mlango atakaoingilia mtu, halafu nenda uone kidole kinaelekea kitanda cha nani. Mteja mmoja wa Maweni alihamisha chumba kizima baada ya zoezi hilo.

Na usisahau mahakama. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima nguvu ya kujitetea kwa misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza: hatari iwe ya kweli machoni pako, na nguvu uliyotumia iwe ya kadiri. Anayekimbia na televisheni yako ameshakupa mgongo. Mwache.

Wateja huniuliza pia kasha liwe la namna gani, basi nijibu. Sanduku la chuma, lisilobebeka, lililofungwa ukutani au sakafuni kwa ndani. Hapa pwani kuna mambo mawili ambayo muuzaji wa Nairobi hatakwambia. La kwanza, bolti za kutanuka hazishiki kwenye matumbawe na chokaa. Zinazunguka tu kama kijiko kwenye uji. Toboa kirefu, ingiza chuma chenye hesi, zile nyuzi za skrubu, mimina saruji laini, subiri wiki. La pili ni chumvi. Makasha ya alama ya kidole yanavutia dukani, lakini upepo wa kusi hula vigusio vya betri mpaka viote kutu ya kijani, na mtu aliyevuta kamba za jahazi miaka 20 vidole vyake havina alama za kusomeka. Chukua vitufe vya kimakanika visivyotaka betri. Bastola yenyewe usiilaze ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na kuubana kwenye chuma. Ilaze juu ya kitambaa chenye mafuta kidogo, na kila wiki ifute. Risasi pia: zibadilishe, fataki, vile viwashio vya kitakoni mwa risasi, zikipata unyevu hukuangusha.

Chemba iwe tupu. Magazini yenye risasi ikae ndani ya kasha hilohilo. Najua wakufunzi wenzangu wengine watabisha, na askari aliye zamu ana sababu ya kubisha. Wewe uko nyumbani kwako na wajukuu.

Mzee wa Mkomani tulimfungia kasha kwenye ukuta wa chumba cha ndani, usawa wa kifua, mbali hatua nne na kitanda. Tulizima taa, nikashika saa. Mara ya kwanza sekunde 19, pamoja na kugonga kidole cha mguu na maneno ambayo siyaandiki. Mara ya sita ilikuwa saba. Kisha tukashuka tukautazama mlango wake wa mbele, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Pingo lilikuwa limeliwa na mchwa hata likavunjika mkononi mwangu kama mkate wa jana.

Nilipompigia wiki iliyopita aliniambia pingo jipya limekamilika, mbambakofi tupu, na mjukuu wa miaka tisa hawezi kuliinua peke yake. Seremala, akasema, amemtoza kuliko mimi.