Namba za Biblia: ipi ya mwandishi, ipi ya mpiga chapa

Kuna ujumbe ambao haupiti mwaka bila kunifikia kwenye simu, na wakati mwingine wanaonitumia ni wanafunzi wangu wenyewe wa chuo cha Biblia hapa Mbeya. Unasema hivi: sura fupi kuliko zote katika Biblia ni Zaburi 117, ndefu kuliko zote ni Zaburi 119, na kati yao imekaa Zaburi 118, ambayo ndiyo katikati ya Biblia nzima. Kabla yake zipo sura 594, baada yake 594, jumla 1,188. Basi fungua Zaburi 118:8 usome kiini cha Neno lote: "Ni heri kumkimbilia BWANA kuliko kuwatumainia wanadamu."

Mstari ni mzuri. Hesabu ndiyo mbovu. Kuanzia Mwanzo hadi Ayubu kuna sura 478. Ongeza zaburi 117, utafika 595. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo sura ya katikati ni ya 595, yaani Zaburi 117. Kabla ya Zaburi 118 zipo 595 na baada yake 593. Na hiyo ni kwa Biblia ya Kiprotestanti tu. Jirani yako Mkatoliki ana vitabu 73, na katikati yake iko kwingine kabisa.

Tuseme hesabu ingekuwa sahihi. Bado ningeuliza swali ambalo huwa nawafundisha wanafunzi kuliuliza kabla ya kushangaa: hii namba aliiweka nani? Sura tunazozijua leo huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, mwalimu wa Paris aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Walitaka msomaji apate mahali haraka, na tunawashukuru. Lakini Paulo hakuwahi kuandika "sura ya 8".

Ukitafuta maajabu katika namba za namna hiyo, huwezi kuyakosa. Jumlisha sura za Mwanzo, Kutoka, Walawi na Hesabu: 50, 40, 27 na 36. Utapata 153, idadi ileile ya samaki wa Yohana 21:11! Hilo nimeliona mwenyewe nikijumlisha kwa ajili ya makala hii, na ningekuwa mtu wa kuuza mafundisho, kufikia Jumapili ningekuwa nimeshapata somo la siku tatu. Halina maana yoyote. Namba zikiwa nyingi, zitagongana tu.

Mahali ambapo jambo hili linagusa mfuko ni pale mtu anapoambiwa apande mbegu, yaani atoe sadaka, ya shilingi 91,000 kwa sababu ya Zaburi 91. Tafsiri ya kale ya Kigiriki iliunganisha zaburi ya 9 na ya 10 kuwa moja, hivyo ndani yake zaburi hiyohiyo ya "uvuli wake Mwenyezi" ni ya 90. Mwenye Biblia hiyo angepata punguzo la elfu moja.

Nikisema hivyo darasani, kuna wanaokata tamaa, kana kwamba nimewanyang'anya kitu. La. Zipo namba ambazo mwandishi alizifinyanga kwa mkono wake, na ukizijua, usomaji wako unabadilika.

Chukua Mithali 31:10-31, "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona?" Ni sendofu ngapi, kuanzia Uyole hadi Iringa mjini, bibi harusi amesimamishwa akasomewa mistari hiyo kama orodha ya kazi? Anaamka kabla usiku haujaisha, ananunua shamba, anasokota, na taa yake haizimiki usiku. (Sasa analala saa ngapi?) Mistari hiyo ni 22, na herufi za Kiebrania ni 22. Wa kwanza unaanza kwa herufi ya kwanza, wa pili kwa ya pili, hadi ya mwisho. Washairi wa pwani yetu nao walitunga hivyo kwa kufuata herufi za Kiarabu: alifu, bee, tee. Anayetunga kwa mtindo huo anasifu kitu kutoka mwanzo wa alfabeti hadi mwisho wake, hajazi ratiba ya mtu ya siku moja. Na ndani ya shairi lenyewe wanaopewa kazi ya kusema ni wengine: wanawe humwita heri, "mumewe naye humsifu". Tafsiri ya Kiswahili haiwezi kubeba umbo hilo, kama shairi letu la mizani kumi na sita linavyopoteza vina likitiwa Kijerumani. Ndiyo maana mtu anatakiwa kuelezwa.

Au Mithali 6:16: "Kuna vitu sita anavyovichukia BWANA, naam, viko saba vilivyo chukizo kwake." Wapo wanaouliza Mungu alisahau nini hata akarekebisha. Mbona hatuulizi hivyo tukisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Namba inapanda ngazi ili sikio lisubiri kile cha mwisho. Katika Mithali 6 cha mwisho ni yule apandaye mbegu za fitina kati ya ndugu, na ndipo mwandishi alipotaka ufike.

Mathayo 1:17 anasema vizazi ni 14 mara tatu, toka Abrahamu hadi Kristo. Ukihesabu kundi la tatu kuanzia Shealtieli unapata 13 tu. Na katika mstari wa 8 Yoramu anamzaa Uzia, wakati 1 Nyakati 3 inaweka wafalme watatu kati yao: Ahazia, Yoashi na Amazia. Mathayo aliwaruka. Anayetaja ukoo wake hadharani naye hamtaji kila mtu; anawataja wale wanaomfikisha anakokwenda. Mathayo alikuwa anakwenda kwa Daudi. Waebrania walitumia herufi kama tarakimu, sawa na hesabu ya abjadi wanayoijua wapiga falaki: dali ni 4, wau ni 6. Daudi kwa Kiebrania ni dali, wau, dali, yaani 4, 6, 4. Jumla 14. Na katika orodha yenyewe Daudi ni wa kumi na nne. Nakiri kwamba hapa lazima tuwe waangalifu: kitabu cha Nyakati huliandika jina hilo kwa herufi nne na jumla inakuwa 24, na Kiarabu hutoa 15. Ila nafasi ya kumi na nne inaonekana kwa macho, bila abjadi.

Kuhusu 666, namba ya mnyama, nitasema kwa kifupi, kwa sababu watu wakiiona kwenye namba zao wanarudisha laini za simu bure. Ufunuo 13:18 unasema "ni hesabu ya kibinadamu". Wasomi wengi wanaona ni jina: Nero Kaisari likiandikwa kwa herufi za Kiebrania kwa matamshi ya Kigiriki, Neron, hutoa 666, na likiandikwa kwa matamshi ya Kilatini, bila ile n ya mwishoni, hutoa 616. Nakala chache za kale za Ufunuo zina 616 kweli. Ile misitari ya msimbo (barcode) kwenye sabuni ya dukani haimo.

Nimebakiza Maombolezo, kitabu kilicholia juu ya Yerusalemu iliyobomolewa mwaka 586 kabla ya Kristo. Sura ya 1, 2 na 4 zina mistari 22 kila moja, kwa mpangilio wa herufi. Ya 3 ina 66, kila herufi mara tatu. Hapa namba za mistari tunaweza kuziamini, kwa kuwa herufi zenyewe ni mashahidi. Mtu analia, lakini analia kwa utaratibu. Halafu inakuja sura ya 5. Mistari ni 22 tena, mifupi, na herufi hazifuatani tena.